Asubuhi tatu Chuncho: safari ya kupiga picha makau, Tambopata, Peru

Nimeendesha watalii kaskazini mwa Tanzania kwa miaka kumi na minne, kwa hiyo nikilipia safari ya mtu mwingine macho yangu huenda kwenye mambo ambayo mgeni wa kawaida hana haja ya kuyatazama: injini inazimwa wapi, wageni wanaambiwa nini kabla hawajashuka, na muongozaji anafanya nini mnyama akianza kukosa raha. Agosti mwaka jana nilikaa kwenye kiti cha mgeni kwa mara ya kwanza. Siku tano, usiku nne, ndani ya hifadhi ya Tambopata kusini-mashariki mwa Peru, kwa kazi moja tu ya kupiga picha makau.

Makau ni wale kasuku wakubwa wa Amerika ya Kusini wenye mkia mrefu kuliko mwili. Wenyeji wa kule wanawaita guacamayo. Wa kwanza niliyemwona katika maisha yangu alikuwa kizimbani, kwenye hoteli moja ya pwani, manyoya ya kifua amejinyonyoa mwenyewe hadi ngozi iko wazi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, na ndege yule hakunitoka kichwani. Nilitaka kabla sijazeeka nimwone mwenzake akiwa kwao.

Kambi niliyolala siitaji jina, maana nina malalamiko juu yake na wenyewe nimeshawaandikia. Ninachotathmini hapa ni safari yenyewe: mto, genge la udongo (ukingo ulioinuka wima juu ya mto, ambako makau huja kula udongo), muongozaji, na kama picha unazoziota unaweza kurudi nazo nyumbani.

Njia ni ndefu. Kutoka Kilimanjaro nilipita Addis Ababa, São Paulo na Lima, kisha ndege ya mwisho hadi Puerto Maldonado, mji ulio pale mto Tambopata unapoingia mto Madre de Dios. Joto lake ni la Tanga mwezi wa pili. Kutoka hapo gari hadi Infierno, kijiji cha jamii ya Waese Eja, na kutoka Infierno ni boti tu: ndefu, nyembamba, yenye paa la turubai, wageni wawili wawili. Mzigo usizidi kilo 15 kwa mtu, na wanapima kweli. Mimi niliacha nguo nikabeba lenzi.

Unapopanda mto unasimama kwenye kituo cha ukaguzi cha Malinowski kujiandikisha, kama tunavyosimama kwenye lango la Naabi kule Serengeti, isipokuwa hapa unaingia hifadhini kwa maji. Mahali penyewe panafundisha. Mto Malinowski unaingia Tambopata hapo hapo, na ni mto ulioteswa kwa miaka na wachimbaji haramu wa dhahabu, miti imefyekwa na zebaki imemwagwa. Mwaka 2019 serikali ya Peru ilipeleka askari na polisi kuwaondoa wachimbaji La Pampa, upande wa barabara kuu. Muongozaji wetu alituonyesha maji kwa kidole, hakuongeza neno. Yeye ni kijana wa Infierno, mvuvi kabla ya kuwa muongozaji, na ndiye sababu kubwa ya mimi kuandika haya.

Asubuhi ya kwanza tuliamshwa saa tisa na nusu usiku. Kahawa, mkate, boti. Mto ulikuwa umepungua, kwa hiyo msaidizi wa nahodha alisimama mbele na mti mrefu akipima kina, tochi moja ikimulika magogo. Tulifika mbele ya genge la Chuncho kabla hakujapambazuka, tukashuka kwenye kisiwa cha changarawe ng'ambo yake. Muongozaji alipanga vigoda vya plastiki kwenye mstari mmoja, akatuketisha, kisha akatoa masharti kwa sauti ya chini. Hakuna kusimama wakati ndege wanashuka. Hakuna kusogea kuelekea maji. Hakuna nguo ya rangi kali. Bwana mmoja alikuwa na koti la mvua la rangi ya chungwa. Kijana alivua la kwake la kijani akamvisha, na yeye akabaki na fulana kwenye ubaridi ule. Nikajua niko mikononi mwa mtu anayeijua kazi.

Walianza wadogo. Kasuku wa kijani, makundi kwa makundi, wakizunguka juu ya mto kwa kelele kama ya soko la samaki. Wakatua kwenye miti juu ya genge, wakaruka, wakatua tena. Makau walikuja baadaye, wawili wawili. Hilo ndilo jambo la kwanza linalokushika: hata wakiwa arobaini angani, ni jozi ishirini. Mabawa yanakaribia kugusana. Ukiona watatu pamoja, wa tatu mara nyingi ni mtoto wao ambaye bado hajawaacha. Walikaa kwenye matawi ya juu kwa karibu saa nzima, wakitazama. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Kisha mmoja, mwekundu, akashuka hatua kwa hatua akishikilia mizizi inayoning'inia usoni mwa genge, akamega udongo. Ndani ya dakika tano genge lote lilikuwa jekundu, samawati na manjano.

Kwa jicho la kawaida ni zulia linalotikisika. Kwenye lenzi ni jambo jingine. Nilimfuata mmoja kwa dakika kumi. Alikuwa ananing'inia kwa mguu mmoja, mwingine umeshika bonge la udongo ukubwa wa andazi dogo, analigeuza, analikwangua kwa mdomo wa chini, na ulimi wake mweusi mnene unasukuma vipande ndani. Makombo yanamdondokea kifuani. Mwenzake aliyekuwa kando akanyoosha shingo akamega kutoka bonge lile lile, na mwenye bonge akamwachia. Usoni hawana manyoya, ni ngozi nyeupe, na hapo ndipo unapowatofautisha wekundu wawili wanaofanana kwa mbali: mwenye mistari ya vinyoya vidogo vyekundu usoni na mkanda wa kijani bawani ni wa aina moja, mwenye uso mweupe mtupu na mkanda wa manjano ni wa aina nyingine. Wa tatu ni wa samawati mgongoni na manjano tumboni, naye ana mistari myeusi usoni. Ukirudi nyumbani na picha elfu mbili bila kujua hilo, utaandika majina yasiyo sahihi.

Kwa nini wanakula udongo? Zamani jibu lililozoeleka lilikuwa sumu: wanakula mbegu mbichi na matunda mabichi yenye kemikali kali, na udongo wa mfinyanzi hushika ile sumu tumboni. Watafiti walipopima udongo wa tabaka ambazo ndege wanazipenda wakaukuta una chumvi, yaani sodiamu, kuliko tabaka za jirani wanazoziacha. Na eneo hili la Amazonia liko mbali mno na bahari ya Atlantiki, huku milima ya Andes ikizuia upande wa Pasifiki, kwa hiyo mvua inafika ikiwa karibu haina chumvi kabisa. Neno lenyewe colpa, wanaloliita genge kama hili, limetoka lugha ya Kiquechua na maana yake ni ardhi yenye chumvi. Wenyeji walikuwa wanajua.

Mimi nimezaliwa Pangani. Kwetu chumvi iko kwenye upepo, inakula bati la nyumba, inaganda kwenye nywele. Kukaa pale na kuona ndege mzuri kiasi kile akisafiri, akisubiri saa nzima kwa hofu ya mwewe, ili apate kitu ambacho sisi tunakifuta madirishani, kilinigusa mahali. Nikawakumbuka ndovu wa mlima Elgon wanaoingia gizani kwenye pango la Kitum kukwangua mawe kwa pembe, na kasuku wetu wa kijivu kule Kongo wanaoshuka kwa mamia kwenye mbuga za chumvi katikati ya msitu. Dada yangu naye alipokuwa mjamzito hakupita sokoni bila kununua udongo. Muongozaji alicheka niliposimulia hilo, akaniambia na makau wenye watoto ndio wanaokuja sana: udongo wanaubeba kooni na kuwatapikia makinda.

Sasa upande wa kamera. Nilikuwa na Nikon D500 na lenzi ya mm 200-500, ambayo kwenye kamera ile inakupa upeo wa mm 750. Inatosha kwa genge, ila kwa ndege mmoja mmoja utakata picha kidogo. Kwa ndege aliyetulia kasi ya kamera ya 1/500 ya sekunde inatosha. Kwa anayeruka usishuke chini ya 1/2000, na asubuhi ile ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, ilinifika 3200 kabla jua halijatoka. Usiogope chengachenga zinazoletwa na ISO kubwa, ogopa rangi nyekundu. Jua likimpiga makau mwekundu, wekundu unaungua kabla sehemu nyingine ya picha haijaonyesha dalili, na ukiungua manyoya yanakuwa kama plastiki, huwezi kuyarudisha kwenye kompyuta. Mimi nilipunguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga kwenye kamera) na kutazama grafu ya rangi nyekundu peke yake. Ni kosa ambalo sisi wa huku hatujazoea, maana simba na tembo hawana rangi ya kukuunguzia picha. Tripodi ilinifaa gengeni tu. Botini na kwenye mnara wa kambini ni mzigo. Vipakiti vya silika jeli weka vingi kuliko unavyodhani, unyevu wa msitu ule unaingia hadi kwenye kifuniko cha betri.

Asubuhi ya pili hatukuona kitu. Usiku ulikuja friaje, upepo baridi unaopanda kutoka kusini mwa bara, na manyunyu yake. Tulikaa pale na mablanketi kwa muda wa saa tatu tukitazama genge jeusi lililolowa. Mvua ikinyesha hawashuki. Nimesoma wageni wakilalamika kwamba walilipa na hawakuona ndege, na kwa hilo nitawatetea waongozaji: yeyote anayekuhakikishia makau ni mwongo. Ndiyo maana nasema usikubali ratiba yenye asubuhi moja tu ya genge. Wengi wanauziwa usiku mbili na asubuhi moja, na asubuhi hiyo ikiwa ya mvua, basi. Kama ni mpiga picha, lipia tatu, au usiende.

Asubuhi ya tatu ndiyo ninayotaka kuieleza vizuri.

Ndege walikuwa wengi kuliko siku ya kwanza, wameshajaa kwenye matawi, wawili wekundu wameanza kushuka. Ikaja boti ya kampuni nyingine, ikapita kati yetu na genge badala ya kuzunguka nyuma ya kisiwa, ikazima injini karibu na ukingo. Wageni wakasimama wote kwa pamoja, simu juu. Makau hawana subira ya duma. Walilipuka kutoka mitini kwa sauti moja, anga ikajaa, na kwa sekunde kumi ilikuwa picha ya ajabu kweli, kisha hapakuwa na kitu. Matawi matupu.

Hapo nilikumbuka Ndutu, mbuga ya kwetu kaskazini mwa Tanzania. Nimeona magari kumi na tano yamemzunguka duma mmoja mwenye watoto hadi swala wakaondoka. Na lazima niseme kweli, nami nimewahi kuwa moja ya magari hayo. Mgeni amekuomba usogee, kamera yake ni kubwa, bakshishi iko mwisho wa safari, mkono wenyewe unaingiza gia. Duma hakulalamiki. Anainuka tu, anaenda kulala na njaa mahali pengine, na mgeni wako ana picha nzuri ya uso wake. Kwa makau gharama unalipishwa pale pale, mbele ya macho yako.

Nilitegemea kijana wetu awafokee wale. Hakufanya hivyo. Alikwenda kwa miguu, akazungumza na mwenzake kwa upole, boti ile ikasogezwa chini ya mto. Kisha akarudi akatuambia tunyanyue vigoda, turudi nyuma. Nyuma, karibu mita thelathini, hadi kwenye vichaka vya mwisho wa kisiwa. Watu wawili wa kundi letu walinung'unika waziwazi: wamelipa ili wawe karibu, na sasa wanapelekwa mbali. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akaketi chini kwenye mawe mgongo umetuelekea. Tulisubiri saa moja na dakika ishirini.

Walirudi. Na kwa kuwa tulikuwa mbali na tumefichwa na vichaka, hawakukawia juu kama siku ya kwanza. Walishuka wakiwa wamelegea. Waligombana, walining'inia vichwa chini, jozi moja ya samawati ikachanana manyoya ya shingo pembeni kabisa ya genge, macho yamefumbwa nusu. Picha zangu bora za safari nzima zimetoka dakika arobaini zile, kutoka umbali mkubwa kuliko siku ile ya kwanza. Kwa huduma hii, alama zote anazichukua yule kijana. Nilimpa mkono tuliporudi botini, nikamwambia mimi ni mwenzake wa kazi, nafanya hivyo hivyo kwa simba. Akauliza: simba ukimsogelea sana anafanya nini? Nikamjibu kwamba mara nyingi hafanyi kitu, na hilo ndilo tatizo letu.

Mchana wa kambini una mambo mawili ya kufanya. Mnara wa juu ya miti upande alfajiri au jioni. Ni mahali pekee utakapompiga picha makau wa samawati akipita chini yako, mgongo wote unang'aa, wakati ukiwa ardhini unapata tumbo la manjano na anga nyeupe. Na jioni omba upelekwe kwenye kinamasi cha aguaje, miti ya jamii ya mnazi inayoota kinamasini, mirefu na minyoofu kama mivumo yetu ya pwani. Makau wa samawati wanataga ndani ya aguaje uliokufa na kuoza katikati. Wekundu wenye mkanda wa kijani wanapenda matundu ya shihuahuaco, mti mgumu mno unaokua polepole kwa karne, na ambao unakatwa kwa mbao za sakafu na mkaa. Matundu ya kutosha hakuna, ndiyo maana mradi wa utafiti ulioko juu zaidi ya mto tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 umekuwa ukiwatundikia masanduku ya mbao na vipande vya bomba la PVC, na ndege wanayatumia. Makinda wawili watatu wakianguliwa, wa mwisho mara nyingi anakufa njaa kwa kuwa wazazi wanawalisha wakubwa. Nilipolisikia hilo nilielewa kwa nini kila kinda anayeibwa kwenda kwenye kizimba cha mtu ni hasara kubwa.

Malalamiko yangu ni haya. Tangazo liliahidi kibanda cha kujificha cha wapiga picha kwenye genge dogo nyuma ya kambi. Kibanda kipo, ila madirisha yake yamekatwa kwa urefu wa mtu aliyesimama na darubini; lenzi yangu haikupita bila kuinamisha kamera, na mbele ya dirisha la kushoto tawi lilikuwa limekua likaziba nusu ya genge. Fundi na msumeno, nusu siku, kazi imekwisha. Umeme ulikuwa kwa muda wa saa nne tu kila usiku na soketi sita kwa wageni kumi na wanane, jambo ambalo mpiga picha anapaswa kuambiwa kabla hajalipa. Mimi nilikuwa na betri nne. Ningekuwa na mbili ningekwama. Chakula kilikuwa kizuri, wali na maharage kila siku, samaki wa mtoni aliyefungwa kwenye majani na kuokwa, ningekula hata leo.

Nililipa dola 1,150 kwa usiku nne, kila kitu ndani isipokuwa ndege na bakshishi. Ni pesa nyingi kwa mtu wa kipato changu na nilidunduliza miaka mitatu. Kwa anayetaka tu kuwaona makau, asubuhi mbili na darubini zitamtosha. Kwa mpiga picha, na hasa kwa mwenzangu anayeongoza watalii, nasema nenda, lakini kabla ya kulipa waulize swali moja: boti yenu huzima injini wapi pale Chuncho? Wakikujibu wapi na kwa nini, umepata watu. Wakikutumia picha ya ndege waliojaza genge na kukuambia utakuwa karibu kabisa, tafuta wengine. Epuka Juni ikiwa unaweza, katikati ya mwaka ndege hupungua gengeni.

Picha ya wale wawili wanaochanana nimeichapisha kubwa, nimeitundika ofisini kwetu Mto wa Mbu, juu ya ubao wa ratiba. Moja niliituma kwa WhatsApp kwa yule kijana wa Infierno. Alinijibu baada ya siku tatu, alipotoka mtoni: mvua kubwa zimeanza, wengi wao sasa wako viotani.